Gumba la Fundi wa Chokaa

Inspekta Eufemia Cuautle aliokota kipande cha lipu kwenye kifusi, akakigeuza, akakinusa, kisha akatoa neno ambalo marehemu mama yake angemzaba kofi kwa kulisema karibu na kanisa.

"Kuna nini, Mkuu?" Sajini Nabor aliuliza. Alikuwa amesimama mbali, akivionea huruma viatu vyake vipya.

"Njoo uone. Au unaogopa matope?"

"Matope siyaogopi. Naogopa hizo kuta zilizobaki."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Ukuta wa kaskazini wa konventi kuukuu ya San Gaspar ulisimama miaka mia mbili na themanini, ukavumilia matetemeko, vita na masista wenye madeni. Siku ya Jumanne alasiri ulijilaza chini wote, hatua ishirini na mbili za matofali mabichi, ukaangukia ushoroba wa kufulia. Konventi siku hizi ni makao ya wazee. Wazee wenyewe walikuwa kwenye rozari, wakanusurika. Doña Tránsito, mwangalizi wa makao, alikuwa anaanua shuka kwa sababu mvua ilikuwa imeanza. Walimfukua shuka ingali mkononi.

Mkosaji alishapatikana, tena upesi ajabu. Crisóforo Tecuapetla, fundi lipu wa miaka sitini na tisa, alikamatwa Jumatano asubuhi, na kufika mchana alikuwa ameshaungama. Leo ilikuwa Ijumaa. Kesho saa sita mchana jaji angelifungua jalada, na kama angelikuta lilivyo, mzee angepelekwa gereza kuu la jimbo. Mzee wa umri ule huko haendi kufungwa, anakwenda kufa. Eufemia alikuwa ametumwa kutoka makao makuu asome, agonge muhuri, arudi nyumbani. Hivyo ndivyo alivyoambiwa, tena kwa tabasamu.

"Soma tena ungamo," alisema.

Nabor alifungua jalada. "'Mimi niliupaka ukuta wa kaskazini kwa chokaa na ute wa mpungate, kwa desturi yangu ya zamani, na mchanganyiko wangu ulikuwa dhaifu.' Halafu kidole gumba. Karani alizidisha wino, ni doa tu."

"Chokaa, na ute wa mmea wa miiba kama gundi. Haya, nionyeshe chokaa hapa."

Nabor alikuja akiruka tofali hadi tofali. Kipande kilikuwa na tabaka mbili. Juu, nyeupe, nyembamba kama tortilla. Chini yake kijivu, unene wa vidole viwili, kigumu, na ndani ya ule ujivu kulikuwa na wavu wa kuku.

"Hii si simenti?"

"Ndiyo. Simenti iliyopigiwa misumari kwenye tofali bichi kisha ikapakwa poda usoni kama bibi harusi." Eufemia alitema mate juu ya ule ujivu. Mate yalikaa pale pale, yanang'aa, hayakuingia. Kisha akabonyeza tofali moja lililovunjika, na kidole kikazama kama kwenye unga wa mahindi uliokandwa. "Umeona? Ukuta wa udongo unakunywa maji kutoka chini na kutoka juu, kila mwaka, na chokaa inayaacha yatoke. Simenti inayafungia ndani. Mvike mtu koti la mpira kwenye jua la Aprili, umwache miezi mitatu, uone kitakachobaki. Baba yangu alikuwa mwashi Cholula. Haya niliyajua kabla sijajua kusali."

"Labda mzee mwenyewe ndiye aliyebadilisha mtindo. Uzee, uvivu. Kamanda wa hapa anasema alikuwa mlevi."

"Nani si mlevi hapa kwa Kamanda? Twende kwenye shimo."

Shimo la chokaa lilikuwa nyuma ya kikanisa. Mafundi wa zamani huzima chokaa yao mwaka mzima kabla ya kuitumia, imelala chini ya maji kama jibini. Eufemia alichovya mti. Ulishuka sentimita chache tu kabla ya kukutana na chokaa nyeupe, laini, iliyojaa hadi karibu na ukingo. Alisimama pale, mti mkononi, na hasira ikampanda taratibu. Ukuta wa hatua ishirini na mbili, lipu tabaka tatu, ungelikomba shimo lile mpaka chini. Ni polisi gani aliyefika hapa Jumatano asiinue hata kifuniko?

Waliporudi, Nabor alijikwaa kwenye jiwe na kumtaja shetani. Lilikuwa bomba la mawe la kumwagia maji ya paa, limechongwa kichwa cha mbwa aliyeachama. Sikio la kushoto lilikuwa limevunjika, lakini mvunjiko ulikuwa wa kale, umeota ukungu.

"Huyu naye alikatwa sikio na nani?" Nabor alinung'unika, akisugua kiatu.

Eufemia alimtazama mbwa yule kwa muda, akaandika kwenye kijitabu chake.

*

Injinia Baltazar Rebolledo aliwapokea ofisini kwake kwa kahawa, mkate wa sukari na huzuni. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, shati lililopigwa pasi, sauti ya upole. Kampuni yake ndiyo iliyopewa kazi ya kuifufua konventi.

"Inspekta wangu, nimeshindwa kulala tangu Jumanne. Doña Tránsito alikuwa kama mama kwetu sote."

"Pole. Alikuwa na miaka arobaini na sita."

"Kama dada, basi." Alivuta sahani ya mkate karibu naye. "Na huyu mzee, Mungu amsamehe, ni kompadre wangu. Mjukuu wake nilimshika mimi kwenye maji ya ubatizo. Nadhani unaelewa uchungu nilio nao. Nilimpa kazi kwa huruma. Nilimwambia, kompadre, mambo ya mpungate ni ya bibi zetu, dunia imeendelea. Hakusikia. Niliona nyufa, nikamwambia azizibe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, si ndivyo?"

"Na ukiuziba kwa simenti, utachimba kaburi."

Nabor alipaliwa na kahawa. Injinia hakupepesa jicho.

"Simenti? Mimi? Kazi yote ni chokaa, kama mkataba ulivyotaka. Daftari la kazi hili hapa, kila siku imeandikwa." Alilisukuma mezani. "Tabaka la kwanza tarehe nne Machi. La pili ishirini na sita Machi. La tatu ishirini Aprili. Fundi hajui kusoma, kwa hiyo kila siku anatia kidole. Hesabu mwenyewe, hakuna siku iliyorukwa."

Eufemia alipekua kurasa. Kila mstari ulikuwa na alama ya kidole gumba, safi, kila duara likionekana kama kwenye gogo lililokatwa kwa msumeno mpya. Hakuna hata moja iliyovuja. Daftari la mwanafunzi wa kwanza darasani.

"Kwa hiyo tarehe ishirini Aprili ukuta wa kaskazini ulikuwa umekamilika."

"Umekamilika, mweupe kama maziwa. Hivyo hivyo askofu aliubariki, tarehe ishirini na nne Mei."

"Unaweza kuapa?"

"Kwa roho ya mama yangu."

"Mwache mama apumzike. Niandikie hapa, chini ya mstari, utie sahihi."

Aliandika kwa furaha na kusaini kwa mkia mrefu. Eufemia aliupuliza wino, akafunga daftari, kisha akainuka kunyoosha mgongo. Ukutani, nyuma ya kiti cha Injinia, kulikuwa na picha kubwa ndani ya fremu ya dhahabu.

"Hii ni Siku ya Msalaba?"

Uso wa Injinia ukachanua. "Ya mwaka huu! Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa msalaba. Nilichinja kondoo wanne, nikaleta mapipa mawili ya pombe ya pulque na wapiga tarumbeta kutoka Atlixco. Tarehe tatu Mei hakuna mwashi anayegusa mwiko nchi nzima hii, wewe mwenyewe unajua, basi na wale chakula cha maana. Watu bado wanaizungumza sherehe ile."

Hapo alikuwa mkweli. Kwenye picha waashi kumi na tano walisimama wamechana nywele kwa maji. Katikati Crisóforo alikuwa ameukumbatia msalaba wa mbao uliovikwa maua ya karatasi, na utepe wake uliandikwa mwaka kwa tarakimu kubwa, kama inavyoandikwa kila mwaka kabla msalaba haujapandishwa juu ya jengo. Kando yake Injinia, mkono begani kwa mzee, amecheka hadi magego.

Nyuma yao kulikuwa na ukuta. Matofali mabichi, wazi, ya kahawia, hakuna lipu hata ya ukubwa wa kiganja. Na juu ya kichwa cha Injinia, mbwa wa jiwe ameachama, sikio la kushoto halipo.

"Nabor," alisema Eufemia bila kugeuka, "yule mbwa aliyekukwaza, sikio lake lililovunjika ni lipi?"

"La kushoto, Mkuu."

"Aliangukaje?"

"Na ukuta wa kaskazini. Amelala katikati ya kifusi."

Injinia aligeuka kuitazama picha yake mwenyewe, picha aliyoipa mgongo kila siku tangu Mei, na kicheko kilichomo kwenye fremu kikamwisha usoni.

"Huo ni ukuta mwingine. Konventi ina mabomba ya mbwa kumi na mawili."

"Yote yamekatwa sikio la kushoto?"

"Sikumbuki masikio ya mbwa, Inspekta!"

"Basi tukumbuke kalenda. Tarehe tatu Mei ukuta uko uchi. Tarehe ishirini na nne Mei askofu anaubariki, mweupe kama maziwa, umesema mwenyewe. Wiki tatu. Tabaka moja la chokaa linataka wiki mbili au tatu kupumzika kabla ya jingine, na yako matatu. Hakuna fundi aliye hai wa kuimaliza kazi hiyo kwa wiki tatu. Ila simenti inakauka kwa siku mbili, halafu juu unapaka kitu cheupe cha kumdanganya askofu." Alikuwa ameshaanza kuitungua picha. "Njia ya mwongo ni fupi, Injinia. Yako imeishia kwenye mgongo wa kiti chako."

"Rudisha picha yangu! Nitampigia simu meya. Fundi ameungama! Kwa kidole chake! Utafanya nini na ungamo?"

Hilo, kwa kweli, lilikuwa swali zuri. Eufemia aliondoka na picha kwapani na daftari mkononi, lakini swali alilichukua pia. Jaji mvivu hupenda ungamo kuliko picha.

*

Kamanda wa kituo alisema mfungwa haruhusiwi wageni. Familia yake ilikuwa nje ya geti tangu Jumatano, binti yake amekaa juu ya ndoo, na hawakuruhusiwa hata kumpelekea blanketi.

"Hajaona mtu yeyote?"

"Injinia tu. Kwa ajili ya kumfariji."

"Na hiyo nyama ya kondoo mezani kwako, nayo ni ya kumfariji nani?"

Kamanda alifunika sahani kwa gazeti, akatoa funguo.

Fundi Crisóforo alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda cha zege, kofia magotini. Alikuwa mdogo kuliko kwenye picha. Alipoinuka kumwamkia, Eufemia aliiona mikono yake, mikavu, imepasuka, myeupe kwenye mikunjo kana kwamba chokaa imeingia mpaka kwenye mfupa.

"Don Crisóforo, mimi si wa hapa. Niambie, nani aliupaka ukuta ule simenti?"

"Nimeshasema, mama. Ni mimi."

"Shimo lako limejaa chokaa."

Mzee aliketi tena, akaiweka kofia magotini.

"Tarehe tatu Mei mlipiga picha mbele ya tofali tupu."

"Kompadre amesema nisiongee na mtu." Alisema kwa adabu, kama anayekataa kuongezewa chakula. "Amesema ni siku tatu tu. Nikitia kidole, bima italipa, wazee watajengewa ukuta, na yeye atakuja kunitoa. Kesho ni siku ya tatu."

"Na ukamwamini?"

"Ni kompadre wangu." Alimtazama kwa mshangao wa kweli, kana kwamba ameulizwa kama maji yanalowesha. "Tumekula kiapo mbele ya mtoto na mbele ya Mungu. Kompadre akikuomba kitu, unamuuliza kwa nini?"

Nabor alishusha macho. Naye alikuwa na makompadre saba. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini hapa nguo yenyewe ilishonwa kanisani. Mwizi wa kawaida angalau huruka ukuta. Huyu alibisha hodi kwenye kitu kitakatifu cha maskini, akakaribishwa.

Alifungua daftari magotini kwa mzee. "Alama hizi ni zako?"

"Siwezi kusoma, mama."

"Huhitaji kusoma. Kidole."

"Daftari hili silijui. Kidole nilitia mara moja tu, hapa, Jumatano."

Eufemia aliitazama karatasi ya ungamo. Doa. Akalitazama daftari. Maduara, mstari kwa mstari, safi kama ya mtoto wa shule. Kisha akajipiga kofi la paji la uso kwa nguvu hata Nabor akaruka.

"Nabor, mpumbavu mimi! Lete wino."

"Nimefanya nini tena?"

"Karani hakuzidisha wino! Don Crisóforo, nikopeshe gumba lako."

Alilichukua, akalichovya kidogo tu, akalibonyeza polepole kwenye karatasi nyeupe. Doa. Akajaribu la kushoto. Doa jingine. Akalifuta gumba lile kwa leso yake na kuligeuzia kwenye mwanga wa dirisha. Lilikuwa laini kama kokoto ya mtoni. Miaka hamsini na mitano ya chokaa ilikuwa imeyala maduara yote.

"Yalikwisha zamani," alisema mzee, kidogo kwa aibu. "Walininyima kitambulisho mara mbili kwa sababu hiyo. Wapiga lipu wote wa zamani tuko hivi."

Nabor alilishika daftari kwa mikono miwili. "Basi huyu wa daftari hajawahi kushika chokaa maishani mwake."

"Hajawahi hata kushika mwiko. Ukitoka hapa uchukue hicho kidau cha wino. Tuna kidole kimoja cha kuomba kwa bwana mkubwa mwenye shati la pasi." Akamgeukia mzee. "Umesikia? Uko huru kusema. Daftari ni la kughushi, na kwa daftari hili alikusudia kukuzika."

Mzee alitikisa kichwa. "Labda aliogopa. Watu wakiogopa hufanya mambo. Siwezi kumshtaki kompadre kwa ajili ya ukuta, mama. Ukuta hujengwa tena. Na mguu wa Tránsito utapona, kompadre ameshamlipia hospitali."

Eufemia alimwangalia Nabor, na Nabor akaangalia sakafu.

"Nani alikuambia ni mguu?"

"Kompadre. Jumatano. Nilimuuliza kwanza habari za watu. Akasema mmoja tu, Tránsito, mguu."

Eufemia aliketi kwenye zege kando yake. Alikuwa amesema maneno haya mara nyingi katika miaka ishirini na sita ya kazi, na hakuna siku aliyoyasema vizuri.

"Don Crisóforo. Doña Tránsito alifariki pale pale, Jumanne. Jana walimzika."

Kofia ilianguka kutoka magotini. Mzee hakuiokota. Midomo yake ilitikisika kama inayotafuta sala, ikakosa.

"Walimzika," alisema. "Na mimi nimekaa hapa namlindia mtu siri."

"Alikudanganya, baba."

"Kila Ijumaa alinikatia mpungate wa uani kwake. Alikuwa anautoa miiba yeye mwenyewe, eti macho yangu hayaoni." Alisugua macho yale kwa kisigino cha mkono. Alipoinua uso, upole wote ulikuwa umetoka. "Mimi sina kompadre. Andika."

Nabor alileta mashine ya chapa ya kituo, akakaa chini nayo magotini.

"Andika kwamba tarehe tatu Mei tulikunywa, na ya nne, na ya tano, kwa mapipa yake. Tulipopata akili ukuta ulikuwa umeshavikwa. Alileta watu wa mjini. Aliniambia, kompadre, nimekupumzisha mifupa, wewe pitisha chokaa juu tu. Andika kwamba niligonga ukuta kwa mpini wa mwiko. Ukuta wa chokaa unakujibu taratibu. Ule ulilia kama sahani. Nikajua ni simenti."

Mashine ilisimama. Eufemia aliinua kiganja.

"Ngoja. Don Crisóforo, hilo la kugonga si lazima liwemo. Tuna picha, tuna daftari, tuna vidole. Ukisema ulijua, wakili wake atakugeuzia wewe. Linaweza kukurudisha humu humu."

"Nilimwambia utaoza. Akasema tumalize sherehe ya askofu, Juni tutaibandua. Nikapaka chokaa juu yake, mimi, kwa mkono huu, ili isionekane. Juni ikaja na mvua. Kila nilipopita pale nilisema kesho nitamkumbusha." Alipumua kwa nguvu. "Tránsito alianika shuka pale kila siku. Mimi nilijua, yeye hakujua."

"Mzee wangu, fikiri. Binti yako yuko nje kwenye ndoo, anakusubiri."

"Ndiyo maana. Sitaki nitoke niende kumwangalia usoni na uongo mwingine mfukoni. La Rebolledo alibebe Rebolledo, sitamwachia hata punje. Langu nitalibeba mimi. Andika na hilo, kijana."

Nabor alimtazama mkuu wake. Nje, binti alikuwa anabishana na mlinzi kuhusu blanketi, sauti yake kali, haichoki. Eufemia aliiokota kofia ya mzee, akaipangusa vumbi na kumwekea magotini.

"Andika alivyosema," alisema. "Neno kwa neno."

Karatasi ilipotoka kwenye mashine, Nabor aliisoma yote kwa sauti, hata ile sehemu ya mpungate. Fundi Crisóforo alisikiliza hadi mwisho, akainamisha kichwa kukubali, akachovya gumba lake mwenyewe bila kushikwa mkono na kulibonyeza chini ya maandishi. Lilitoka doa jeusi, tupu, lisilo na duara hata moja. Eufemia aliipuliza karatasi mpaka ikakauka, kisha akaenda kumfungulia binti mlango.